Baiskeli ya mlimani kwa makato ya mshahara: hesabu za Kiboriloni

Ukitoka Kiboriloni kwa baiskeli una barabara mbili, na kila moja inataka baiskeli yake. Ya kwanza inakwenda Moshi mjini: lami, miinuko midogo tu, na Phoenix yenye karia inakufikisha kazini bila taabu. Ya pili inapanda Old Moshi, ile ambayo vitabu vya serikali huiandika Kiboriloni–Kikarara–Tsuduni–Kidia, kilomita 10.8. Mwalimu au muuguzi anayelala Kiboriloni na kufanya kazi huko juu ndiye ninayemwandikia. Wa mjini aishie hapa na atunze pesa zake.

Wengi wa hawa wa mlimani hawana fedha ya kununua mara moja, kwa hiyo swali la baiskeli huanza na swali la makato. Mpango unaotajwa sana duniani ni wa Uingereza, ulioanzishwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 1999. Mwajiri hununua baiskeli na kumkodishia mfanyakazi, kwa kawaida miezi 12, na malipo yake hukatwa kwenye mshahara kabla kodi haijapigiwa hesabu. Faida yote iko kwenye hilo neno “kabla”. Muda ukiisha baiskeli bado ni ya mwajiri. Mfanyakazi akiitaka, mamlaka ya kodi ina jedwali la thamani: iliyonunuliwa chini ya pauni 500 huhesabiwa kubaki na asilimia 18 baada ya mwaka mmoja, na ya pauni 500 au zaidi asilimia 25. Baada ya miaka 4 viwango hivyo ni asilimia 3 na 7. Ndiyo maana wengi huongezewa muda wa kukodi kwa ada ndogo, thamani ishuke kwanza ndipo wauziwe. Ujanja halali kabisa.

Huku kwetu mkopo wa SACCOS hukatwa kwenye mshahara ambao kodi imeshapita. Anayenakili fomu ya Waingereza bila ile nafuu ya kodi anapata jambo moja tu, kulipa kidogo kidogo, na riba juu yake. Cha kuiga kutoka kwao ni kingine. Mpango wao unaruhusu baiskeli pamoja na vifaa vya usalama: kofia ngumu, taa, kufuli. Mkopo wa Kiboriloni nao ubebe zaidi ya baiskeli yenyewe, nami ningeweka vipuri kabla hata ya kufuli.

Upande wa sheria mambo si magumu. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamzuia mwajiri kukata deni ambalo mfanyakazi hakulikubali kwa maandishi, na mtumishi wa umma anajua kwamba theluthi moja ya mshahara lazima ibaki. Mwenye mshahara wa 600,000 ambaye tayari anakatwa 370,000 amebakiwa na nafasi ya 30,000 tu kwa mwezi. Kwa nafasi hiyo, baiskeli mpya inayong’aa dukani si yake. Yake ni mtumba mzuri, na mtumba unahitaji jicho.

Tuanze na gia, maana mlima ndio mwenye neno la mwisho. Chukua mpando wa asilimia 10, yaani kila mita 100 unazokwenda umepanda mita 10. Mtu wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 15, akienda kilomita 6 kwa saa, anatumia takriban wati 140 kuinua uzito huo peke yake. Mwenye afya ya kawaida anaziweza. Mwendo wenyewe ni mita 100 kwa dakika. Baiskeli ya gia moja yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, kwa gurudumu lake kubwa, husogea kama mita 5.4 kila pedeli ikizunguka mara moja. Gawanya: mizunguko 18 au 19 kwa dakika. Hakuna goti linalokubali hivyo. Utashuka na kusukuma. Baiskeli ya milimani ya inchi 26 yenye meno 22 mbele na 28 nyuma husogea mita 1.6, yaani mizunguko kama 61 kwa dakika. Nguvu inayotakiwa ni ileile, ila sasa miguu inaweza kuitoa.

Kwa hiyo usimuulize muuzaji gia ziko ngapi. Kibandiko cha gia 21 hakikuambii kitu, kwa sababu nyingine zina meno 28 kwenye sproketi ndogo ya mbele na utahema nazo kabla hujafika Kikarara. Inama, hesabu meno kwa kidole. Ndogo ya mbele iwe 22 au 24, kubwa ya nyuma 28 kwenda juu. Ukikuta friwili yenye 34, zungumza bei taratibu, uso usikuuze.

Ukiwa umeinama hapohapo, toa rula. Viungo 12 vya cheni, kila kimoja na kipande chake chembamba na kipana, vina urefu wa inchi 12 kamili cheni ikiwa mpya. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imechoka. Ikizidi kwa moja ya nane, imeshakula na meno ya friwili, na cheni mpya utakayofunga itaruka kila unapokanyaga kwa nguvu. Hapo punguza bei ya vyote viwili.

Gurudumu ndilo linalowaponza wengi. Ubavuni mwa tairi kuna namba za milimita ambazo hazidanganyi: 559 ni inchi 26, 584 ni 27.5, na 622 ni ile inayouzwa kama 29. Tairi ya “28” ya Phoenix ni 635. Macho yanaweza kusema 28 na 29 ni ndugu, lakini milimita 13 za tofauti zinatosha tairi isikae kwenye rimu. Ulaya na Marekani 26 ilianza kuachwa miaka ya 2010, ndiyo maana baiskeli nyingi nzuri za mtumba ni za ukubwa huo, na kwa bahati ndizo zenye tairi na tyubu rahisi kupata. Kwa Kiboriloni nachagua 26 bila kusita. Angalia pia tyubu: ile ya valvu nene kama ya gari hujazwa upepo hata kituo cha mafuta.

Breki. Anayepanda asubuhi anashuka jioni, na kwenye masika barabara ina tope la udongo wa volkano, lenye chembe zinazosaga. Breki za kubana rimu zinatengenezeka na fundi yeyote, lakini tope hilo hula rimu: pitisha kidole ubavuni, ukihisi bonde, rimu imekwisha. Diski za waya ndizo ninazozipenda kwa njia hii. Diski za mafuta zinashika vizuri mno, tatizo ni kesho yake. Za Shimano hutumia mafuta ya madini. Fundi akijaza mafuta ya breki ya gari, mipira ya ndani huvimba na kuharibika. Kama huna uhakika na atakayekuhudumia, ziache.

Fremu iangalie nyufa chini ya shingo na kwenye kitovu cha krenki. Ya chuma huchomelewa. Ya aluminiamu ikipasuka, achana nayo.

Na shokapu ya mbele, kitu ambacho wanunuzi hubonyeza kwanza? Kwenye baiskeli za bei hii ni springi nzito tu, inayozama ukisimama kupanda. Shika breki ya mbele, weka vidole pale bomba la juu linapoingia la chini, sukuma usukani mbele na nyuma. Ikicheza hapo, bushi zimekwisha, na bushi za modeli ya zamani si kitu cha kuokota sokoni. Kati ya shokapu inayocheza na foko kavu ya chuma, chukua foko kavu.

Wajumbe wa SACCOS za walimu na wahudumu wa afya, mkikutana ombeni mkopo huu uandikwe kwa mafungu mawili: moja la baiskeli, lingine la cheni, friwili, tyubu, pedi za breki na kofia ngumu. Fomu iseme wazi salio litalipwaje mtu akihama kituo au akiacha kazi. Na fedha isitoke mpaka fundi asiye muuzaji ameikagua baiskeli na kutia sahihi.