Kaske za bei kubwa masikioni mwa mtu wa Luberizi

Juzi mdogo wetu mmoja aliniandikia: « Yaya, nikimaliza enkete nitakuwa na pesa kidogo. Ninunue kaske ya Sony ao ya Bose? » Aliniuliza mimi kwa sababu aliniona na zote mbili shingoni, akafikiri agronomia imeanza kulipa. Hapana, mdogo wangu. Sony WH-1000XM4 ni ya binamu yangu wa Ubelgiji, aliiacha kwetu alipokuja kwa matanga. Bose QuietComfort 45 ni ya rafiki wa promosyo yetu aliye Bukavu, alinikopesha wiki tatu. Ya kwangu mwenyewe ni ile P9 ya sokoni, inayoiga umbo la AirPods Max ya Apple. Nililipa dola saba Uvira, baada ya kubishana sana.

Ile Sony ilitoka mwaka 2020 kwa karibu dola 350, na Bose mwaka 2021 kwa karibu dola 330. Mimi siku moja ya enkete hunilipa dola 15, tena si kila mwezi enkete inapatikana. Hesabu fanya mwenyewe.

Wanaozipima hizi kaske huko mbali huanza karibu wote na ndege. Wako na sababu. Amar Bose, profesa wa MIT kule Marekani, alipata wazo la kuzima kelele mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege akitoka Zurich, na kaske ya kwanza ya kampuni yake ya namna hiyo, ya mwaka 1989, ilikuwa ya marubani. Maikro ndogo zinasikia kelele ya nje, kaske inatoa wimbi lililo kinyume chake, mawimbi mawili yanauana. Inafaa zaidi kwa kelele nzito isiyobadilika, kama injini. Sauti za watu, mtoto analia, sahani inaanguka, hizo hupunguka tu.

Sisi ndege yetu ni mashine ya kukoboa mpunga. Nilikaa pembeni yake na kila kaske, mashine ikiwa inanguruma. Zote mbili zilinishangaza, kwa kweli. Mngurumo ulibaki kama mtu anayepumua katika chumba kingine, lakini mama aliyekuwa anagombana juu ya kipimo cha mchele nilimsikia vizuri! Sitapoteza muda wenu kuzitofautisha hapo. P9 ya kwangu haizimi chochote, inaziba masikio tu kama mto.

Kwa sauti yenyewe tofauti iko. Sony inapenda besi, na sebene ndani yake inakufanya usimame. Bose ni nyepesi zaidi, na sauti ya mtu anayeongea inatoka mbele, wazi. Wengi watasema Sony imeshinda, na ukiwa mtu wa muziki peke yake, sawa. Lakini sisi tunaosoma hapa, tuseme ukweli, tunasikiliza nini kila siku? Habari za Radio Okapi, odio za WhatsApp, kozi zilizorekodiwa, na mahojiano ya enkete ambayo lazima yaandikwe neno kwa neno ndipo ulipwe. Katika kazi hiyo Bose iliniokolea saa nyingi. Mzee anayechanganya Kifuliiru na Kiswahili, upepo ukipiga simu, nilimwelewa mara ya pili badala ya mara ya tano. Sony nayo inajisifu na LDAC, njia ya bluetooth inayoweza kupitisha hadi kilobiti 990 kwa sekunde. Nyimbo zangu ni mp3 za kilobiti 128, zimepita kwenye kadi memori za watu kumi kabla ya kunifikia. Barabara imepanuliwa, gari la kupita hakuna.

Sasa moto, yaani umeme. Kwetu ni pano ya jua moja, na usiku simu za nyumba nzima zinapanga foleni. Sony inadumu saa 30 ikizima kelele, Bose saa 24, zote zinatosha wiki yangu. Kinachonigusa zaidi ni waya. Batri ikiisha, zote mbili bado zinaimba kwa waya, ila Sony inapokea waya wa kawaida wa milimita 3.5, ule unaopatikana kila kibanda, na Bose upande wa kaske iko na tundu la milimita 2.5. Waya huo niliutafuta Sange, nikautafuta Uvira. Hakuna. Ukipoteza ule uliokuja nao, umemaliza. Neno hili dogo, kwangu mimi, lina uzito kuliko LDAC.

Kuhusu joto la bonde letu la Ruzizi nitasema kifupi: saa sita mchana hakuna kaske ya kufunika masikio inayovalika, ya dola saba wala ya mia tatu. Sony unaiongoza kwa kupitisha kidole juu yake, na kidole changu kikitoka shambani kina udongo. Bose iko na vibonyezo. Nilipenda vibonyezo.

Halafu kuko jambo ambalo sikulisoma popote. Alasiri moja nilikuwa nyuma ya nyumba ninaandika mahojiano juu ya mozaiki ya muhogo, nikivaa moja ya hizo mbili. Sitasema ipi, maana nyingine ingefanya vilevile. Kelele nilikuwa nimeizima. Mama mmoja katika rekodi anaeleza namna majani yanavyojikunja, na nyuma yake nasikia mtu anatwanga. Tu. Tu-tu. Nikaandika kwenye mabano: kelele za kinu. Mara mdogo wangu akanivuta shati kwa nguvu.

« Yaya, weye hausikie? Batu banakimbia! »

Ilikuwa mbali, ikaisha kabla ya giza, na nyumbani kwetu hakuna aliyeumia. Usiku nikafungua tena ile rekodi kwenye dakika ileile. Hapakuwa na kinu.

Tangu siku hiyo ninaipima kaske kwa namna nyingine. Hapa kwetu sikio ni kazi: unajua moto ya nani inapita, mbwa wa jirani anabweka kwa sababu gani, kwa nini soko limenyamaza ghafla. Zote mbili ziko na hali ya kupitisha sauti za nje, nayo ni nzuri, njo ninayoitumia sasa. Lakini kwenye Bose ikiwa bila waya unachagua kati ya mbili tu, kuzima kelele ao kupitisha, na Sony inakuruhusu pia kuacha vyote viwili. Na hata ukiacha, masikio bado yamefunikwa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jibu ni hili. Kama unaenda kusoma Kampala ao Bujumbura, na utakaa kwenye chumba cha watu wanne, tafuta Sony ya mtumba, jaribu tundu la waya kwanza mbele ya muuzaji. Kama kazi yako ni kuandika mahojiano na uko mjini, Bose. Kama unabaki huku bondeni, nunua ekutere ya waya ya dola tatu, uweke upande mmoja tu, pesa inayobaki ununue mbegu.

Bose imesharudi Bukavu na waya wake, niliuhesabu mara mbili. Sony iko ndani ya sanduku, mama anasema ni ya wageni.