Nani Aliuwasha? Moto wa Filamu na Minyambuliko ya Vitenzi

Wapenzi wa filamu hukumbuka moto kuliko mvua. Katika makala hii fupi tunanuia kuonyesha kwamba moto wa filamu haukumbukwi kwa ukubwa wake, bali kwa swali la nani aliuwasha, na kwamba Kiswahili kina nyenzo nzuri za kulijibu.

Tuanze na Out of Africa (1985) ya Sydney Pollack, iliyopigwa nchini Kenya. Usiku mmoja Farah anamwamsha Karen, na kiwanda chake cha kahawa kinateketea mbele ya macho yao. Ni moto mkubwa, lakini hatuuoni mkono uliouwasha. Kiswahili kinasema: kiwanda kiliungua. Mtenda hayupo. Tunamhurumia Karen, kisha tunasonga mbele.

Moto mdogo wa filamu hiyohiyo ndio unaobaki moyoni. Safarini, Farah hutangulia kutafuta mahali pa kambi na kuwasha moto ili Karen aone pa kufikia. Mwishoni, Karen anapoondoka Kenya, yeye ndiye anayetangulia, naye Farah anamwomba awashe moto mkubwa ili ampate. Hapa kitenzi ni kuwashia: Farah alimwashia Karen, sasa Karen amwashie Farah. Kiambishi kimoja cha kauli ya kutendea kimebeba uhusiano wa watu wawili.

Sasa turudi nyumbani. Petit Pays (2020) ya Éric Barbier imetokana na riwaya ya Gaël Faye ya mwaka 2016. Filamu ilipigwa Rwanda, lakini hadithi ni ya Bujumbura ya miaka ya 1990. Mtu amefungiwa ndani ya gari lililomwagiwa petroli. Gabriel, mtoto bado, anatiwa kiberiti cha gesi mkononi na kutishwa mpaka akirushe. Moto unaanza na kitu kinachoenea kiganjani.

Mwanafunzi akiulizwa Gabriel alifanya nini, ataandika: "Alichoma gari." Sentensi ni sahihi kisarufi, lakini imemwonea mtoto. Akiandika "Gari lilichomwa", amewaficha waliomlazimisha. Kauli ya kutendesha pamoja na ya kutendwa inatupa neno la haki zaidi: Gabriel alichomeshwa. Mkono ulikuwa wake, nia haikuwa yake, na nyuma yake yupo aliyechomesha. Kifaransa huhitaji kitenzi cha pili kueleza hivyo. Kirundi, kama Kiswahili, kinatosheka na kiambishi: gukora, gukoresha. Mwanafunzi wetu anayo silaha hiyo tangu utotoni.

Je, ni haki kuonyesha moto wa namna hiyo kwa watazamaji wa Burundi? Hili si swali dogo. Kibimba, Oktoba 1993, wanafunzi walichomwa moto. Gatumba, Agosti 2004, mahema ya wakimbizi yalichomwa usiku. Kwetu moto huo si pambo la sinema. Hata hivyo tunaona kwamba Barbier amefanya vyema kumweka mtoto katikati ya tukio, kwa kuwa anatulazimisha kutazama zaidi ya mkono ulioshika kiberiti. Moto wa kiwanda unatuomba machozi tu. Huu unatudai jibu.

Kwa hiyo tunawapendekezea walimu zoezi hili. Onyesheni tukio moja la moto, mkichagua kwa busara kulingana na darasa, kisha wanafunzi walisimulie mara nne: kwa kuungua, kuchomwa, kuwashia na kuchomesha. Baada ya kila sentensi waulizwe: mtenda yuko wapi?

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Mwalimu wa lugha aongeze: na penye moto pana mtu. Sarufi isiyotusaidia kumwona mtu huyo tumeifundisha nusu.