Sifa za Dole Gumba

Ukiisikia nyatiti, kinubi cha Waluo, kutoka nje ya boma, matangani huku Uriri, utadhani wapigaji ni watatu. Ingia ndani: ni mzee mmoja, ameketi kwenye kigoda kifupi, chombo kimelazwa chini ubavuni mwake. Vidole vinachuna nyuzi nane. Dole gumba la mguu wa kulia limevishwa oduong'o, pete ya chuma, nayo inagonga mti wa chini wa chombo. Mguuni amefunga gara, njuga zinazoitikia kila pigo. Na bado anaimba, akimtaja marehemu, ukoo wake, hata wakwe waliochelewa kufika.

Ugiriki ya kale ilikuwa na kinubi cha jamaa hii: gamba la kobe lililowambwa ngozi, mikono miwili, mti wa kukingama juu, na nyuzi za utumbo, mara nyingi saba. Wagiriki walisema kilibuniwa na mungu Hermes angali mtoto mchanga. Leo tunakiona zaidi kwenye vyungu vya makumbusho. Cha kwetu kingali na mafundi, na majirani wana vyao: Wagusii obokano, Wakuria iritungu.

Fundi wa nyatiti huchimba gogo likawa bakuli, akaliwamba ngozi ya ng'ombe ingali mbichi, kisha akaiacha ikauke na kukaza. Nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni, ile ile ya wavuvi wa ziwani. Funguo hakuna. Kila uzi huviringwa juu ya kitambaa kwenye mti wa juu, na kuupandisha sauti ni kukisokota kitambaa hicho mpaka kiganja kiume. Ninachokistahi zaidi ni pale nyuzi zinapoegemea: vipande vya matete vilivyogandishwa kwa nta ya nyuki, ili uzi ulie kwa mkwaruzo. Mgeni hudhani chombo kimeharibika. Kumbe fundi ameutolea jasho mkwaruzo huo, na kwa sikio langu, sauti laini ingemezwa na vilio vya matanga.

Gita la muziki wa benga limejifunza uchunaji wake kwa nyatiti. Wasikilize kina D. O. Misiani. Ayub Ogada naye aliifikisha nyatiti mbali kwa albamu yake ya 1993, En Mana Kuoyo.

Mila iliwanyima wanawake chombo hiki, mpaka Mjapani Eriko Mukoyama, tunayemwita Anyango, alipokuja kukisomea kwa wazee wa Kiluo. Wapo wanaonuna hadi leo. Mimi husikiliza kwanza kama nyuzi zimelingana.