"Joto" na "Halijoto" Katika Maelezo ya Mitambo ya Mvuke

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri wetu huyatumia bila hadhari ni neno joto. Katika mazungumzo ya kila siku linatosha: joto la jua, joto la mgonjwa. Lakini litiwapo lilivyo katika maelezo ya mitambo huzaa kasoro isiyoishia kwenye karatasi.

Tutazame Masasi. Vyombo vya upasuaji katika hospitali kama ile ya Mkomaindo hutakaswa kwa mvuke uliofungiwa chini ya kanieneo kubwa, ambao halijoto yake kwa kawaida ni nyuzi 121 za Sentigredi. Mfasiri akiandika kwamba vyombo vyataka "joto jingi" hajasema kitu. Pipa la maji lililo wazi juu ya moto laweza kupokea joto jingi kuliko mtambo huo, nalo lisifike nyuzi 121 abadani. Na kule Newala, juu ya uwanda wa Makonde, maji huchemka hata kabla ya kufika 100. Joto ni nishati ihamayo. Halijoto ni kipimo cha umoto. (Wako wasemao jotoridi. Hatuna ugomvi nao, mradi wasirudi kwenye joto tupu.)

Kasoro hukua tufikapo kwenye viwanda. Mikoa ya kusini ilijengewa viwanda vya kubangua korosho katika miaka ya 1970, na vingi vikasimama katika miaka ya 1980. Tuchukue kiwanda cha aina hiyo kinachotaka kujizalishia umeme kwa mvuke, maganda ya korosho yakiwa ndiyo kuni zake. Mvuke unaingia katika injini ukiwa na nyuzi 180, na joto la masalio linatoka kwa nyuzi 30. Kwa kanuni aliyoianzisha Carnot, Mfaransa, mwaka 1824, hata injini isiyo na msuguano wala tobo haiwezi kugeuza kuwa kazi zaidi ya theluthi moja ya joto inalopokea. Sasa mfasiri anaandika: "Injini hupoteza theluthi mbili ya joto." Ofisa asomaye hayo atafanya nini? Atamwandikia fundi barua ya karipio, au ataagiza injini nyingine, nayo itafanya vilevile.

Joto hilo halikupotea. Limetoka lote, ila katika halijoto ya chini mno kwa kazi ya injini. Mvuke ukitolewa mapema, ungali na nyuzi 100 hivi, umeme utapungua kwa karibu nusu, lakini joto litokalo litatosha kukaushia korosho zilizobanguliwa, kazi isiyohitaji zaidi ya nyuzi 70 au 80. Shauri kama hili haliwezi hata kuandikwa na mtu mwenye neno moja tu la joto.

Kwa hiyo twapendekeza joto linalotoka baada ya kazi liitwe joto la masalio, na kitenzi kupotea kiachiwe joto livujalo kwenye mabomba yasiyofunikwa. Hilo fundi anaweza kulizuia, na hapo barua ya karipio itakuwa na haki yake.