Mkufunzi Anayerudisha Swali

Siku ya kwanza ya semina ya utafiti tendaji, ubao hujaa matatizo ya nchi nzima. Kila mwalimu ameombwa ataje jambo moja la shuleni kwake ambalo angependa kulichunguza, na majibu yanamiminika: watoto hawana ari, wazazi hawatoi ushirikiano, Kiingereza kimewashinda wanafunzi wa kidato cha kwanza, madarasa yamefurika. Hakuna la uongo hapo. Mkufunzi hodari huyaandika yote bila kubishana na mtu, kisha huuliza: "Katika haya, lipi liko mikononi mwako Jumatatu asubuhi, na chaki ileile na wanafunzi walewale?"

Hapo ndipo ufundi wake unapoanzia, na ni ufundi ninaouheshimu kuliko mwingi unaosifiwa katika elimu.

Utafiti tendaji ni mwalimu kuchunguza ufundishaji wake mwenyewe huku akiendelea kufundisha: anabadili jambo moja, anakusanya ushahidi wa kilichotokea, anatafakari, anabadili tena. Jina lake lilienezwa na Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeihama Ujerumani Hitler alipoingia madarakani, katika makala aliyoichapisha Marekani mwaka 1946. Stephen Corey aliuingiza shuleni kwa kitabu chake cha 1953. Huko Uingereza, Lawrence Stenhouse aliandika mwaka 1975 kwamba mtaala ni pendekezo tu mpaka mwalimu aujaribu darasani kwake, na kwamba anayejaribu hivyo ni mtafiti kamili. Lakini kuwaambia walimu kwamba wao ni watafiti ni jambo la dakika moja. Kuwafikisha huko ni kazi ya miezi, na inamtaka mtu mwenye subira isiyo ya kawaida.

Tuseme mwalimu wa Hisabati wa darasa la tano ameandika kwamba wanafunzi wake hawashiriki. Hawashiriki vipi? Hawajibu maswali. Nani hajibu? Wengi. Wataje. Mwalimu anataja majina manane, tisa, kisha anakwama, na darasa lina watoto 90. Mkufunzi haruki pale palipokwama, wala hapageuzi kuwa kosa la mwalimu. Anampa karatasi tupu na kumwomba achore madawati yalivyopangwa, aandike anayeketi wapi, na asipokumbuka jina aache nafasi wazi. Mwalimu anachora. Nafasi zinazobaki wazi ni nyingi, na nyingi ziko upande mmoja.

Wiki inayofuata, mwalimu mwenzake anaketi nyuma ya darasa na mchoro ule. Kila mtoto anapoitwa kujibu, anawekewa alama ya vema kwenye nafasi yake. Hakuna kingine kinachoandikwa: si maoni, si sifa, si lawama. Baada ya vipindi vitatu karatasi inaonyesha alama zimerundikana safu za mbele na katikati, kandokando ya njia anayopita mwalimu. Dawati la nyuma karibu na dirisha halina hata moja.

Sasa mtazame mkufunzi. Yeye alijua tangu mwanzo kwamba alama zingerundikana hapo. Raymond Adams na Bruce Biddle waliandika habari hiyo mwaka 1970, baada ya kutazama kwa video jinsi masomo yanavyokwenda: mazungumzo ya darasani hukusanyika mbele na katikati. Angeweza kulisema kwa dakika tano na kuokoa wiki nzima. Hakulisema. Walimu hawa wameshahudhuria semina nyingi zilizowaagiza wawashirikishe wanafunzi wote, wakayaandika hayo kwa mwandiko mzuri, wakarudi kufundisha kama jana. Mchoro alioujaza mwenzako, wenye majina ya watoto wako, huwezi kuuweka kabatini kama kitini cha semina.

Subira ya namna hiyo ina gharama. Mwalimu anapouliza, "Sasa nifanyeje?", kila tone la damu ya mkufunzi linataka kujibu. Mwenyewe aliwahi kuwa mwalimu. Kazi yake ya miaka yote imekuwa kujibu. Anarudisha swali: "Wewe ungejaribu nini kwanza?" Mwalimu mmoja atasema atatumia vijiti vyenye majina, avichomoe koponi bila kuchagua. Mwingine atasema atahamisha madawati. Wa tatu ataamua kusubiri kidogo baada ya kuuliza, na hapo mkufunzi anaweza kumpa jambo moja la kumtia moyo: Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi huko Marekani, aligundua kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumpa nafasi mwingine au kujijibu wenyewe, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu huwa marefu na watoto wanaojitolea huongezeka. Ananiridhisha sana mkufunzi anayejua kulitoa jambo kama hilo baada ya swali kuzaliwa, wala si kabla.

Hatua ngumu zaidi ni kuwasikiliza wanafunzi. Kati ya 1973 na 1975, John Elliott na Clem Adelman wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, walifanya kazi na walimu wapatao 40 waliotaka watoto wajifunze kwa kudadisi badala ya kumeza majibu. Walitumia njia ya kulitazama somo moja kwa macho ya watu watatu: mwalimu anaeleza lilivyokwenda, wanafunzi wanaeleza, na aliyeketi pembeni naye anaeleza. Mtafiti alizungumza na wanafunzi kwa ruhusa ya mwalimu, na mwalimu alisikilizishwa maneno yao baada ya wanafunzi nao kuridhia. Mpangilio huo wa ruhusa ndio moyo wa jambo lenyewe. Mtoto hatasema ukweli kuhusu mwalimu wake kama hajui maneno yake yatafika wapi, na mwalimu hatausikia ukweli huo kama umemvamia.

Stenhouse naye, katika mradi wake ulioanza mwaka 1967, aliwapa walimu kazi ya kuongoza mijadala ya vijana juu ya mambo yenye ubishi bila kuegemea upande. Mwongozo wa mradi uliwataka wasikilize kanda za masomo yao na kujiuliza: je, huwa unasema "Wote tunakubaliana?" Walinganishe matokeo ya kauli hiyo na ya kuuliza, "Wengine mnaonaje?" Nusu karne baadaye, swali hilo linaingia moja kwa moja katika madarasa yetu. "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Kila aliyesoma shule ya msingi hapa anaujua wimbo huo, na kila mwalimu amewahi kuupokea kama ushahidi. Mkufunzi akimwomba mwalimu airekodi sauti yake kwa simu kipindi kimoja tu, kisha ahesabu mara ngapi ameuliza hivyo na mara ngapi mtoto yeyote amejibu "hapana", hesabu itamsemea.

Kuna hofu ambayo mkufunzi lazima aiondoe mapema, nayo ni hofu ya mtu anayeketi nyuma ya darasa na karatasi. Kwa walimu wengi, mtu huyo amekuwa mkaguzi, siku hizi mthibiti ubora, na anachoandika kitapanda ngazi mpaka wilayani. Ndiyo maana wakufunzi wazuri huanza kwa kumwachia mwalimu mchoro na daftari. Ushahidi ni mali yake. Akitaka kuuonyesha kwa mwalimu mkuu, atauonyesha. Asipotaka, utabaki mezani kwake. Nimewaona wenye vyeo wakikereka na utaratibu huu, lakini bila huo mwalimu ataandaa somo la maonyesho, watoto watapangwa kujibu, na utafiti utakuwa umekufa kabla ya kuanza.

Afrika ina uzoefu wake katika hili. Namibia, baada ya uhuru wa 1990, ilianzisha mwaka 1993 stashahada ya walimu wa elimu ya msingi ambayo ndani yake kila mwanachuo alifanya utafiti tendaji. Nchi iliyokuwa imetoka kwenye elimu ya ubaguzi ilitaka walimu wenye kuhoji, na ikaliweka hilo ndani ya mafunzo yenyewe. Kenya, kupitia mradi wa SMASSE ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, iliwazoesha walimu wa Sayansi na Hisabati mzunguko wa kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Tanzania ina MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo huwakutanisha walimu shuleni kwao badala ya kuwasafirisha kwenda semina za mbali. Chombo kipo, basi. Kinachokijaza ni mtu anayejua kuuliza.

Na hapa nina neno kwa vyuo vyetu. Tunamharibia mwalimu tunapomfundisha utafiti tendaji kwa ramani ya tasnifu: sura tano, mapitio ya maandiko, sampuli, hojaji yenye vipengele arobaini. Anatoka akijua kuandika pendekezo la utafiti na hajawahi kulitazama dawati la nyuma. Kurasa mbili zinatosha. Nilijiuliza nini, nilibadili nini, niliona nini, nitajaribu nini tena. Anayezitaka sura tano atazipata katika shahada ya uzamili, na zina heshima yake. Mwalimu mwenye vipindi 30 kwa wiki na madaftari ya kusahihisha usiku anahitaji kazi inayoingia ndani ya siku yake.

Kurasa hizo mbili husomwa mbele ya wenzake, ofisini, baada ya masomo. Yule mwalimu wa Hisabati anaonyesha michoro miwili, wa kabla ya vijiti na wa baada. Alama zimesambaa hadi dirishani. Wenzake wanapiga makofi, kisha mwalimu wa Sayansi anauliza kama watoto wa nyuma sasa wanajibu sahihi au wanaitwa tu. Wa Kiswahili anataka kujua kuhusu wale wa mbele: waliokuwa wakijibu kila siku, wameacha kunyoosha mikono? Mwenye utafiti hana jibu, na analisema hilo bila kujitetea. Macho yanamgeukia mkufunzi. Naye anafungua ratiba, anauliza nani hana kipindi Alhamisi saa nne, ili akaketi nyuma na mchoro mpya wenye alama za aina mbili.