Lango la Saa Nane: Jinsi Mlima Fuji Ulivyowapunguza Wapandaji wa Usiku

Katika wiki kumi za kiangazi cha mwaka 2023, watu wapatao 221,000 walipanda Mlima Fuji wa Japani, volkano yenye kimo cha mita 3,776. Zaidi ya nusu yao, kama 137,000, walipita njia moja, ile ya Yoshida iliyo upande wa kaskazini katika mkoa wa Yamanashi. Mwaka uliofuata mkoa huo uliweka lango mwanzoni mwa njia, ukatoza yeni 2,000 kwa kila mpandaji, ukaweka na kikomo cha watu 4,000 kwa siku. Habari zilizoenea duniani zilibeba namba hizo mbili, ada na kikomo. Mimi naona kazi kubwa ilifanywa na jambo la tatu, ambalo taarifa nyingi zililitaja kwa kupita tu: lango lilifungwa kuanzia saa kumi jioni hadi saa tisa usiku, na katika saa hizo alipita yule tu aliyekwisha kuweka nafasi ya kulala kwenye vibanda vya juu.

Nguvu ya saa inaonekana ukitazama jinsi mlima wenyewe unavyopandwa. Barabara ya lami iitwayo Subaru Line, iliyofunguliwa mwaka 1964, humfikisha abiria wa basi hadi kituo cha tano, kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi kileleni ni mwendo wa saa sita hivi, na kushuka ni kama saa nne kwa njia iliyotengwa na ile ya kupandia. Wengi wanataka kuwa kileleni jua linapochomoza, yaani karibu saa kumi na nusu alfajiri mwezi Julai. Mwenye utaratibu hulala kibandani kwenye kituo cha saba au cha nane, huamka usiku wa manane na kumalizia safari gizani. Asiye na kibanda alikuwa akifika kwa basi la jioni, akaanza kupanda saa mbili au saa tatu usiku, akaenda bila kulala hadi kunakucha.

Upandaji huo wa mkupuo mmoja, ambao Wajapani huuita wa risasi, ndio uliokuwa kiini cha tatizo. Anayeijua Kilimanjaro ataiona hatari yake mara moja. Vibanda vya Horombo kwenye njia ya Marangu viko mita 3,720, karibu sawa na kilele cha Fuji, na mgeni hufika hapo siku ya pili, akiwa amekwisha kulala Mandara kwenye mita 2,700 hivi. Mpandaji wa usiku wa Fuji aliondoka Tokyo, karibu kabisa na usawa wa bahari, na kabla ya saa ishirini na nne kutimia alikuwa kwenye kimo hicho hicho, hajalala wala hajaupa mwili nafasi ya kuzoea hewa hafifu. Kichwa kinamuuma, chakula kinamrudi, na baridi inamkuta hana akiba ya nguvu: wastani wa joto kileleni mwezi Agosti ni kama nyuzi 6 za Selsiasi, na bado hujahesabu upepo. Waliozidiwa walijilaza kando ya njia, na wengine wakawasha moto mahali ambapo moto umepigwa marufuku. Na kwa kuwa wote walikuwa wanakimbilia kilele kwa wakati mmoja, foleni ilishikana juu ya kituo cha nane, kwenye mteremko wa changarawe za volkano ambako jiwe moja lililosukumwa na kiatu linaweza kumpata mtu aliye chini.

Hapo ndipo ada peke yake isingefua dafu. Yeni 2,000 ni kidogo kuliko bei ya kulala kibandani usiku mmoja, tena kidogo mara kadhaa. Aliyepanda usiku ili aokoe fedha hizo angelipa ada na bado akabaki na faida, achilia mbali mgeni aliyekwisha kulipa nauli ya ndege kutoka bara jingine. Kikomo cha watu 4,000 nacho kinahesabu vichwa bila kuuliza vinapita saa ngapi. Watu 4,000 waliotawanyika tangu alfajiri hadi adhuhuri ni mlima wenye shughuli. Nusu yao tu wakikutana gizani kwenye mteremko mmoja, tayari ni hatari. Kilichohitajika ni kichujio cha muda, na kitanda ndicho kilichotumiwa kama kibali.

Kabla ya lango kulikuwa na kikwazo cha sheria, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo ufundi ulipo. Kisheria, njia ya Yoshida ilikuwa barabara ya mkoa. Sheria ya barabara ya Japani inalinda uhuru wa kupita: barabara ya umma haifungwi kwa sababu tu watu wamekuwa wengi, wala mtembea kwa miguu hatozwi chochote. Ndiyo maana tangu 2014 kilichokuwepo ni mchango wa hiari wa yeni 1,000, aliyetaka akatoa, asiyetaka akapita zake. Yamanashi, chini ya gavana Nagasaki Kotaro, haikujaribu kuipindua sheria hiyo. Ilichukua kipande cha njia pale kituo cha tano, ikakivua hadhi ya barabara na kukitangaza kuwa mali ya mkoa yenye masharti yake ya matumizi. Baraza la mkoa likapitisha sheria ndogo ya jambo hilo mwezi Machi 2024, miezi minne tu kabla ya msimu kufunguliwa. Mlima ulibaki ulivyokuwa. Kilichobadilika ni ukanda mdogo ambao kila anayepanda kutoka kituoni lazima aukanyage.

Nauheshimu uamuzi huo. Serikali nyingi zikibanwa na umati hutunga sheria pana inayogusa mlima mzima, kisha hukosa watu wa kuisimamia. Hapa eneo la usimamizi lilipunguzwa hadi likawa sehemu ambayo watumishi wachache wanaweza kuikagua kwa macho. Nafasi 3,000 za siku ziliwekwa kwenye intaneti, 1,000 zikabakizwa kwa wanaofika bila kujiandikisha, na aliyelipa alivaa utepe mkononi ili atambulike kwa haraka.

Matokeo ya msimu wa kwanza yanasomeka vizuri ukiyatazama kwa jicho hilo la saa. Wapandaji wa Yoshida walishuka hadi takribani 115,000. Kikomo cha 4,000 hakikufikiwa hata siku moja. Lakini waliopanda katika saa za usiku bila kulala walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mwenye kudai kuwa kikomo ndicho kilichouokoa mlima inabidi aeleze kikomo kisichowahi kuguswa kiliokoaje kitu. Jibu langu ni kwamba kilisaidia kwa njia ya pembeni, kwa kuwafanya watu wapange tarehe zao mapema badala ya kujazana Jumamosi. Kazi ya usiku ilifanywa na saa.

Mfumo ulikuwa na matundu mawili. La kwanza lilikuwa dakika za mwisho. Mtu aliyepita langoni saa kumi kasoro robo jioni hakuwa amevunja kanuni yoyote, hata kama hakuwa na kitanda. Kwa mwendo wa saa sita angefika kileleni karibu saa nne usiku, na kukaa kwenye baridi akingoja jua kwa saa sita nyingine kungewezekana kwa kijana mkaidi mwenye koti zito. Wako waliofanya hivyo hasa, wakapanda polepole na kusinzia njiani. Tundu la pili lilikuwa upande wa pili wa mlima. Njia tatu nyingine, Fujinomiya, Subashiri na Gotemba, ziko mkoa wa Shizuoka, na mwaka 2024 mkoa huo uliwaomba wapandaji wajiandikishe mapema bila ada wala lango. Idadi ya wapandaji huko iliongezeka kwa maelfu kadhaa mwaka ule ule Yoshida ilipopungua. Sehemu ya umati ilikuwa imezunguka tu.

Marekebisho ya 2025 yaliziba yote mawili. Shizuoka ilipitisha sheria yake, na ada ikawa yeni 4,000 kwenye njia zote nne. Shizuoka iliongeza sharti la kujifunza kanuni za mlima kabla ya kupata kibali, jambo ambalo Yamanashi ingefaa iliige. Saa ya kufunga ikarudishwa nyuma hadi saa nane mchana. Saa mbili hizo zinaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ukipiga hesabu utaona uzito wake. Anayepita saa nane kasorobo na kupanda mfululizo anafika kileleni karibu saa mbili usiku, na mbele yake kuna zaidi ya saa nane za giza na baridi kabla ya jua. Faida yote ya kukwepa kitanda imeyeyuka. Anayengoja lango lifunguliwe saa tisa usiku hawezi kufika juu kabla ya saa tatu asubuhi, hivyo jua linamchomozea akiwa bado mteremkoni, ambako mandhari ya mashariki yako wazi na hakuna foleni. Mimi ningemshauri ndugu yangu apande kwa namna hiyo ya mwisho.

Kuna jambo moja linalonisumbua. Vibanda vya Fuji ni biashara binafsi, vingi vimerithiwa katika familia, na vitanda vyake havikuongezeka kwa sababu lango limewekwa. Mapambazuko ya kileleni sasa yako mikononi mwa mwenye uwezo wa kununua kitanda, na vitanda vya wikendi za Agosti huisha mapema. Mlima huu uliorodheshwa na UNESCO mwaka 2013 kama urithi wa utamaduni, na sababu mojawapo ni historia ndefu ya mahujaji wa kawaida, wakulima na mafundi wa mjini, waliochangishana fedha ili wachache wao wapande kwa niaba ya wengine. Mikoa ikitenga vitanda vichache vya bei nafuu kwa ajili ya wanafunzi, hoja ya usalama haitapungua hata chembe.

Udhaifu mkubwa wa lango, hata hivyo, ni kalenda. Tamasha la moto la mji wa Fujiyoshida, tarehe 26 na 27 Agosti, huaga msimu kwa mienge yenye urefu wa mita tatu, na tarehe 10 Septemba njia hufungwa. Vibanda hufungwa kwa mbao, vyoo hufungwa, watumishi huondoka. Halafu huja mapukutiko, wakati hewa ni safi na mlima unaonekana kutoka mbali zaidi kuliko majira ya joto. Kwa wastani theluji ya kwanza huonekana kileleni tarehe 2 Oktoba, lakini mwaka 2024 haikuonekana hadi tarehe 7 Novemba, kuchelewa kuliko mwaka wowote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa 1894. Mlima mweusi usio na theluji mwezi Oktoba humshawishi mtu kuamini kuwa bado ni kiangazi, na huko juu hakuna wa kumuuliza ana kitanda au hana. Aprili 2025 mwanafunzi mmoja aliokolewa mlimani mara mbili katika muda wa siku chache, na mjadala wa kuwatoza gharama waokolewaji wa nje ya msimu ukapamba moto. Mimi sidhani hofu ya ankara itamrudisha mtu ambaye hofu ya kifo haikumrudisha.

Dawa bora ya msimu huo iko chini ya mlima, na haijatumiwa inavyostahili. Njia ya kale ya mahujaji inaanzia hekalu la Kitaguchi Hongu Fuji Sengen, inapita Umagaeshi kwenye mita 1,450 hivi na kupanda msituni hadi kituo cha tano. Wengi huiruka kwa sababu basi linawapitisha pembeni. Huko Okuniwa, karibu na mwisho wa barabara ya Subaru Line, miti ya jamii ya misonobari hugeuka rangi ya dhahabu mwezi Oktoba kabla ya kupukutisha majani yake. Chini zaidi kuna msitu wa Aokigahara, uliomea juu ya lava ya mlipuko wa mwaka 864, lava iliyoligawa ziwa moja kubwa na kuacha maziwa ya Saiko na Shoji. Mtu anaweza kutembea siku nzima juu ya kazi ya volkano bila kuhitaji hewa ya kileleni. Ningependa kuona sehemu ya zile yeni 4,000 ikilipa waongozaji na mabasi ya njia hizi kuanzia katikati ya Septemba hadi Novemba.

Kisha kuna barabara yenyewe ya Subaru Line. Lango linamshughulikia mpandaji, lakini mwaka 2019 karibu watu milioni 5 walifika kituo cha tano, na wengi wao hawakupiga hatua hata moja kuelekea kileleni. Wanafika kwa basi, wanapiga picha, wanatumia vyoo vya mahali pasipo na bomba la majitaka, wanaondoka. Yamanashi ilifikiria kujenga reli nyepesi juu ya barabara hiyo, ikaachana nayo Novemba 2024, na badala yake ikapendekeza chombo cha matairi kiitwacho Fuji Tram, kitakachofuata mstari wa sumaku uliotandazwa kwenye lami iliyopo. Pendekezo hilo likitekelezwa, pahali pa kuhesabia watu patashuka kutoka mita 2,300 hadi mwanzo wa barabara, na idadi ya viti itaamua ni wangapi wanaofika juu kwa siku, awe mpandaji au mpiga picha.