Matembezi ya Pollard: Jinsi Vipepeo wa Kiangazi Wanavyohesabiwa Uingereza

Kipepeo hahesabiki. Hafungwi zizini, hasubiri, na huyu aliyepita nyuma ya kichaka huenda ni yuleyule aliyekuwa kwenye ua dakika moja iliyopita. Ernie Pollard, mtafiti wa kituo cha Monks Wood mashariki mwa Uingereza, alilijua hilo alipoanza kuunda mbinu yake mwaka 1973. Hakujaribu kubaini msitu wa Monks Wood una vipepeo wangapi. Alichotaka ni kidogo zaidi: namba ya wiki hii inayoweza kulinganishwa kwa haki na ya wiki kama hii mwaka ujao. Mbinu hiyo, iliyochapishwa 1977, ndiyo inayotumika hadi leo, na kanuni zake zote zimetokana na lengo hilo.

Anayejitolea huchagua njia, kwa kawaida ya kilomita 2 hadi 4, akaigawa vipande kulingana na mimea iliyopo. Kuanzia 1 Aprili hadi 29 Septemba, wiki 26, huipita mara moja kwa wiki kwa mwendo uleule. Anaandika tu vipepeo walio ndani ya boksi la kufikirika: mita 2.5 kulia, mita 2.5 kushoto, mita 5 mbele yake. Aliye nje ya hapo haandikwi, hata awe adimu namna gani.

Wageni wa kazi hii hukwama hapo. Chukua ukingo wa shamba mwezi Julai. Kuna kichaka cha miiba kilichochanua, na juu yake Maniola jurtina, kipepeo wa kahawia mwenye doa jeusi lenye kitone cheupe kwenye bawa la mbele. Wako kumi na watano, wanne tu wakiwa ndani ya boksi. Daftari linapokea 4. Inauma, lakini boksi likipanuka kila mhesabuji anapofurahi, ongezeko la mwakani litakuwa la furaha yake, si la vipepeo. Weupe wa jamii ya Pieris nao wana shida yao: aina tatu hufanana sana zikiwa hewani. Ruksa kusimama, kumnasa mmoja kwa wavu, kumtazama na kumwachia. Hesabu inasubiri, kisha inaendelea palepale ilipoachwa.

Kazi hii inawezekana kwa sababu moja ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ataiona haraka. Uingereza ina aina 59 tu za vipepeo wanaoonekana kila mwaka, ilhali Kenya peke yake ina karibu 900. Karani wa benki wa kule anaweza kuzijua zote kwa misimu michache. Huku kwetu hata mtaalamu hubaki na sanduku la wasiojulikana.

Kanuni za hali ya hewa ni kali zaidi. Matembezi hufanyika kati ya saa 4:45 asubuhi na saa 9:45 alasiri. Joto likiwa chini ya nyuzi 13, hakuna kuhesabu. Kati ya 13 na 17, lazima jua liwake kwa angalau asilimia 60 ya muda. Likizidi 17, mawingu si neno mradi mvua hainyeshi. Upepo ukianza kuyumbisha miti midogo, mtu anarudi nyumbani. Kipepeo hupata joto lake kutoka kwa jua, na misuli yake ya kurukia haifanyi kazi vizuri kabla haijapata moto. Sifuri ya siku ya baridi haisemi kwamba hawapo. Inasema wamejificha majanini.

Gharama yake ni mapengo, maana kiangazi cha Uingereza hakiaminiki. Wiki zilizokosekana hukadiriwa kwa takwimu, kwa kuangalia aina hiyohiyo ilivyoonekana kwenye njia nyingine. Matokeo ya mwaka ni kielezo, si idadi ya vipepeo walio hai, na anayekisoma kama sensa ya watu amekisoma vibaya.

Udhaifu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ulikuwa uchaguzi wa njia. Mtu anayejitolea wiki 26 hachagui shamba la ngano lililopuliziwa dawa. Anachagua kilima chenye maua. Mashamba ya kawaida yalibaki gizani hadi 2009, ulipoanzishwa utafiti wa pili: mraba wa kilomita moja unateuliwa kwa bahati nasibu, nawe unaenda huko, pawe pazuri pasiwe pazuri, angalau mara mbili kati ya Julai na Agosti.

Bustani nazo zina hesabu yao. Tangu 2010 shirika la Butterfly Conservation huwaomba wananchi wakae dakika 15 siku yenye jua na kuandika wanachokiona. Mwaka 2024 wastani ulikuwa vipepeo 7 kwa kila hesabu, wa chini kuliko yote, na shirika likatangaza hali ya dharura. Namba hiyo ni ya kweli, ila inatoka wiki chache za kiangazi, baada ya majira ya kuchipua yaliyokuwa na mvua nyingi. Mimi ningeitumia kama king'ora, kisha nikaangalie mstari mrefu wa matembezi ya Pollard kujua moto uko wapi.

Hata mstari huo una kilema cha kuzaliwa. Mpango wa taifa wa matembezi haya ulianza 1976, mwaka wa joto kali na ukame, vipepeo wakiwa tele. Mwaka uliofuata aina nyingi zikaporomoka. Grafu inayoanzia kileleni huonyesha mteremko kirahisi. Kabla ya kuamini asilimia yoyote ya upungufu, uliza imepimwa kuanzia mwaka gani.

Tena wapo wasioingia kwenye boksi kabisa. Kipepeo Thecla betulae huishi zaidi juu ya miti, na mpita njia anaweza kumaliza msimu bila kumwona. Kwa hiyo huhesabiwa wakati wa baridi: majani yakishapukutika, watu hukagua vijiti vya Prunus spinosa kwa kioo cha kukuzia, wakitafuta mayai meupe yasiyozidi kichwa cha pini, yaliyobandikwa kwenye mapanda ya miiba.